Nathaniel Ndalahwa na Soketi za Gari la Bwana Masalu

Shilingi milioni moja na laki nane, Bwana Masalu, ndizo ulizodai jana hapahapa msibani, familia ilipotangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze kabla ya mazishi, ukasimama ukasema grisi ya kaka yangu ndiyo iliyokuunguzia nyaya za gari, na shemeji Justa kwa kuogopa aibu akaniuliza vifaa vya gereji vikiuzwa vitafika bei hiyo, basi kaa kwanza, usiondoke, jibu lako limo katika historia hii niliyoiandika mwenyewe, mimi Jonathan, mdogo wake, niliyeishia darasa la saba, na nikipandisha sauti mtanivumilia.

Marehemu Nathaniel Ndalahwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 kijijini jirani na Busisi, mtoto wa kwanza kati ya watano, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1977 hadi 1983, ada ya kuendelea haikupatikana, hivyo mwaka 1985 akavuka kuja Mwanza kujifunza umeme wa magari katika gereji moja ya Mirongo, na mwaka 1998 akafungua ya kwake Pasiansi. Tarehe 22 Julai 1995 alifunga ndoa na Justa, wakajaliwa watoto watatu, Yakobo, Evelina na Selina, huyu wa mwisho ndiye aliyeshika kazi ya baba yake, na gereji ile sasa ni yake.

Magari ya samaki ndiyo yaliyompa jina, kwa sababu barafu ikiyeyuka maji huchuruzika hadi kwenye soketi za taa za nyuma, pini zikaota kutu ya kijani, taa zikafa njiani, na wapo mafundi waliokata waya na kuunga upya kila mwezi ili mteja arudi, lakini yeye alisugua pini mpaka zing'ae, akapaka grisi nyeupe ya silikoni, kidogo tu, akabana soketi, akasema, "Kwa hili usinirudie." Wateja walimtania, "Fundi, unalipaka gari losheni?" naye akajibu, "Na wewe ungepakwa mapema usingekuwa na kutu hivyo."

Gari la samaki la Bwana Masalu alilipaka Januari mwaka huu, likafanya kazi vizuri, hadi Mei dereva alipoliosha ziwani, akafungua soketi, akaifuta grisi yote akidhani ni uchafu, kisha akakumbuka ni ya fundi, akaogopa, na badala ya kurudi gereji akapaka mafuta ya sangara, panya wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wakayafuata, wakala mafuta na ganda la nyaya, nyaya zikagusana, zikaungua. Selina alizifungua mbele yako, Bwana Masalu, nami nilikuwepo, tukaziba pua wote kwa uvundo, alama za meno zikaonekana, dereva akasema, "Mimi nilijua mafuta ni mafuta tu, bosi," nawe ukacheka mpaka ukashika tumbo, kumbe ulikuwa unasubiri kaka yangu, mwenye kujibu, afe.

Kaka alisumbuliwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2019, tarehe 2 Agosti 2025 akaanguka gereji kwa kiharusi, akalazwa, akafariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Agosti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania kwa siku hizo zote, majirani wa Pasiansi mliopika na kulala nasi chini, na mafundi wenzake mliofunga gereji zenu kuja kuchimba kaburi. Kaka Nathaniel, pumzika, Mungu akupe amani ambayo sisi hapa bado hatunayo.

Hatunayo kwa sababu Selina anafungua gereji Jumatatu, na watu wote hawa walisikia kwamba grisi ya pale inaunguza magari. Hela hatulipi, na vifaa haviuzwi. Lakini wewe, Bwana Masalu, tunakudai ukweli. Dereva wako, shahidi wetu, yupo nyuma yako, kipaza sauti hiki hapa. Njoo wewe mwenyewe useme kweli, kabla jeneza halijanyanyuliwa.