Bendeji za Wakonyo

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, ndani ya basi la kutoka Thika. Mama mmoja alimsimulia jirani yake kitini, mwanamke mwenzake:

“Jana askari alifungua kiondo changu, akaona vitambaa. Akasema ni bendeji za wapiganaji wa msituni. Nikajua nitalala korokoroni. Binti yangu Wakonyo akamwambia, ‘Ni vyangu, vya damu ya kila mwezi. Tulifundishwa kuvishona shuleni.’ Askari alivirudisha kama vimemchoma!”

Mimi, mwanamume niliyeketi nyuma yao, nikatazama mikonge dirishani.

“Mbele ya wanaume? Ni aibu!” jirani akamwambia.

“Aibu haifungi mtu jela.”

Jirani alinuna mpaka Ruiru. Askari wakasimamisha basi. Jirani akakumbatia kiondo chake mwenyewe, akanong’ona:

“Mama Wakonyo, msichana alisemaje tena?”