Delmar Tveit, Msafishaji wa Maganda ya Risasi

Marehemu Delmar Tveit alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika shamba la ngano nje kidogo ya Roundup, Montana, kifungua mimba wa Mzee Ansel na Bi Thora Tveit. Alisoma hapo hapo Roundup hadi mwaka 1958, baba yake alipovunjika nyonga, naye Delmar akalazimika kuacha shule. Baadaye akawa fundi wa matrekta kwa miaka arobaini na minne.

Tarehe 17 Juni 1967 alimuoa Lorraine Hoyt. Hawakujaliwa watoto. Kila msimu waliwinda pamoja, na risasi walizijaza upya wenyewe mezani jikoni. Lorraine alifariki Januari 2009. Delmar hakuwinda tena.

Lakini aliendelea kuwasafishia wawindaji wengine maganda yao, yale ya shaba yanayobaki risasi ikishapigwa, ili yajazwe tena, bila malipo. Aling'oa fataki zilizokwisha kulipuka, vile vidude vidogo vya kitakoni vinavyowasha baruti, akayatia maganda kwenye ndoo ya maji moto yenye siki kidogo, chumvi na sabuni ya vyombo, akaitikisa mpaka shaba ikang'aa. Kisha aliyasuuza mara mbili na kuyaanika juu ya taulo dirishani. Jirani yake, Verla, alimshauri anunue mashine ya kazi hiyo.

“Nikiwa na mashine, mtu ataniachia mfuko aende zake,” alimjibu. “Hivi inabidi akae asubiri.”

Ukweli ni kwamba wengi waliuacha mfuko mlangoni. Hata hivyo, kila asubuhi alichemsha kahawa ya watu wawili.

Mdogo wake, Norris, hakukanyaga kwake kwa miaka kumi na mmoja, tangu walipogombana shamba la baba yao lilipouzwa. Oktoba 2021 alisikia kwamba moyo wa kaka yake umeanza kushindwa kazi. Akaja na maganda sita.

Delmar aliyageuzageuza. “Norris, haya ni mapya. Umeyatoa dukani.”

“Najua, kaka. Yanachukua muda gani kukauka?”

Delmar aliliangalia dirisha lililojaa jua.

“Mpaka kesho,” alisema.

Norris akavua koti.

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi. Delmar aliaga dunia tarehe 3 Desemba 2022, hospitalini Billings, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mdogo wake.

Ameacha mdogo wake Norris, binti wa Norris, Janelle, anayewasomea maneno haya, na jirani yake Verla.

Mungu ampumzishe Delmar wetu, na huko aliko asikae peke yake.