Nani Amechuma Multe Zetu?

TURID: Haloo? Ni nani? Hapa imeandikwa Oddvar, lakini Oddvar hahemi hivi.

SOLFRID: Ni mimi! Solfrid! Nimechukua simu ya mume wangu, yangu imezima.

TURID: Aa, wewe! Za asubuhi? Mbona kama unaongea ndani ya feni?

SOLFRID: Niko mlimani. Nimepanda juu ya jiwe, chini hapa mtandao hakuna kabisa. Na za asubuhi usiniulize, shoga, ni mbaya.

TURID: Mlimani, mvua yote hii? Umefuata ni—

SOLFRID: Mwezi wa nane huu, Turid. Watu wanapanda mlimani kufuata nini?

TURID: [anakohoa] Hewa safi.

SOLFRID: Multe, bibi wee! Yale matunda ya dhahabu ya kinamasini! Na hakuna. Kinamasi kizima kimechumwa. Zimebaki zile mbichi nyekundu, na majani, na mimi.

TURID: Pole, mwenzangu. Labda ile baridi ya mwezi wa sita iliua maua. Hata huku bondeni watu wanalia.

SOLFRID: Baridi haivai mabuti. Kuna nyayo kila mahali.

[Kitu kinatokota.]

SOLFRID: Nini hicho kinachotokota?

TURID: Viazi.

SOLFRID: Saa tatu asubuhi?

TURID: Nimeamka na njaa. Oddvar yuko wapi?

SOLFRID: Nimemwacha ndani ya gari, kule barabarani. Nimemwambia aangalie upande wa mto mpaka nirudi.

TURID: Maskini! Ndoa yote hiyo na bado hajui mnachuma wapi?

SOLFRID: Ajue ya nini? Nikimwonyesha leo, kesho kiwandani kwao wote wanajua. Mwaka jana alijidai kukisia. Nikamzungusha msituni mpaka akaniomba radhi.

TURID: Basi ukiwa hapo juu—

SOLFRID: Usitaje!

TURID: Nitaje nini? Najuaje mimi ulipo? Nasema hivi, ukiwa hapo juu jihadhari, mawe yanateleza.

SOLFRID: Aa. Sawa. [mtandao unakwaruza] —nisikilize, nimekwisha mimi. Jumamosi mama anatimiza miaka tisini.

TURID: Najua.

SOLFRID: Ee. Kweli. Wewe unajua.

TURID: Endelea, nasikia.

SOLFRID: Hataki keki, hataki maua. Anataka krimu ya multe, basi. Tena multe za kwetu. Pale nyumba ya wazee siku hizi hali kitu, wanambembeleza kama mtoto. Sasa wiki iliyopita Lillian kamletea chupa ya jamu ya dukani. Lillian, yule wa... wa Jostein.

TURID: Namjua Lillian, Solfrid. Mtu akichukua mume wako, jina lake unalishika.

SOLFRID: Kaka yangu hakuchukuliwa. Alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, mjinga yule.

TURID: Haya. Lillian kaleta jamu.

SOLFRID: Kaleta jamu, chupa yenye utepe. Mama kaonja. Katema kwenye leso. Kisha kaikunja ile leso vizuri, kamkabidhi Lillian.

TURID: [anacheka] Weee!

SOLFRID: Usicheke.

TURID: Sicheki. [anacheka] Mungu amzidishie umri.

SOLFRID: Na mimi na mdomo wangu huu, mbele ya wote, nikasema: mama, Jumamosi utakula za kwetu. Jostein anasikia, Lillian anasikia, wauguzi wanasikia. Lillian akatabasamu lile tabasamu lake. Sasa leo nimekuja na ndoo mbili na nitarudi na ndoo mbili. Tupu.

TURID: Pole sana. Ngoja nipunguze mo—

SOLFRID: Ngoja wewe kwanza. Mwizi kaacha kitu.

TURID: Kitu gani?

SOLFRID: Kitambaa. Kilikuwa kimenasa kwenye kichaka. Kitambaa cha kufungia mkate, cheupe, kimetariziwa kwa uzi mweupe. Kazi ya Hardanger, ile ya kukata matundu.

[Kijiko kinaanguka sakafuni.]

TURID: Huenda ni cha watalii.

SOLFRID: Watalii wa wapi wanafunga mkate kwa kazi ya Hardanger?

TURID: Wajerumani. Siku hizi wananunua kila kitu.

SOLFRID: Hapana. Ni cha mtu wa hapahapa, na si mtaalamu. Ndiyo maana nimekupigia, wewe unajua mikono ya watu. Nakwambia, mbele panaridhisha, si pabaya. Lakini nikakigeuza nyuma...

TURID: Ukaona nini?

SOLFRID: Aibu, Turid. Mafundo. Mafundo matupu!

TURID: Mafundo?

SOLFRID: Kila uzi umefungwa fundo. Mengine makubwa kama dengu. Na nyuzi zinaruka kutoka huku kwenda kule, hazikupitishwa chini ya mishono. Nimesema moja kwa moja, hii kazi ni ya Magnhild.

TURID: Magnhild! Magnhild hajawahi kumaliza hata leso! Ameanza pazia lile tangu mfalme wa kale!

SOLFRID: Ndiyo maana kaona aibu, hajatuonyesha. Basi Alhamisi nitakileta kwenye kikundi chetu cha kutarizi. Nitakiweka mezani kimegeuzwa nyuma, kila mtu akione. Tucheke kidogo.

TURID: Kimegeuzwa nyuma?

SOLFRID: Kimegeuzwa nyuma. Magnhild atajua pa kujificha.

TURID: Solfrid, labda mvua. Uzi ukilowa unaonekana kama—

SOLFRID: Mvua haifungi mafundo, shoga. Na hizi nyota za kwenye kona, yaani mimi naona huruma. Moja imekwenda upande.

TURID: Haijaenda upande!

[Upepo.]

TURID: Nilitaka kusema—

SOLFRID: Sema.

TURID: —kwamba nyota za namna hiyo, kwa kawaida, haziendi upande.

SOLFRID: Turid.

TURID: Abee.

SOLFRID: Viazi vimeiva?

TURID: [anavuta pumzi] Hakuna fundo hata moja kwenye kitambaa kile! Hata moja! Nilihesabu nyuzi mpaka macho yakatoka maji, halafu mtu anasimama juu ya jiwe ananiambia dengu! Tena ananilinganisha na Magnhild!

SOLFRID: Nilijua ni wewe! Mwizi mkubwa we! Kila Alhamisi tunakaa meza moja, tunakunywa kahawa ya birika moja, kumbe—

TURID: Mwizi wa nini? Kinamasi cha serikali hicho! Kina jina lako?

SOLFRID: Ni cha mama! Na kabla yake cha bibi! Ulinifuata? Sema ukweli, ulinifuata lini?

TURID: Sijakufuata hata siku moja.

SOLFRID: Basi nani alikuonyesha? Oddvar hajui, Jostein hajui, hata baba alikufa hajui! Tunajua wawili tu, mimi na—

[Mtandao unakwaruza.]

SOLFRID: Haloo? Turid?

TURID: Nipo.

SOLFRID: Mama?

TURID: Mwaka ule Jostein alipoondoka. Ilikuwa asubuhi kama hii, nimekaa jikoni na nguo ya kulalia. Mama yako akaingia bila hodi, ndoo mbili mkononi. Akaniambia, vaa mabuti.

SOLFRID: Mama yangu mimi? Gudny?

TURID: Wewe una mama wangapi? Tukatembea. Habari za Jostein hakugusa, kwenda wala kurudi. Tukafika, akanionyesha. Akasema, wewe chuma upande wa juu, Solfrid huchuma wa chini, na uje mapema kabla yake, msije mkakutana mkachafua hewa.

SOLFRID: Ebo! Kwa hiyo kila mwaka—

TURID: Kila mwaka upande wa juu. Chako sijawahi kugusa.

SOLFRID: Mimi binti yake, alinifanya niape juu ya Biblia! Nikiwa msichana wa kipaimara!

TURID: Mimi sikuapishwa.

SOLFRID: Angalia huyo! Sasa leo upande wa chini umekwenda wapi?

TURID: Juu maua yote yalikufa na baridi. Nilipata kiganja kimoja. Nikashuka. Nilijua ni vibaya, lakini nilikuwa namchumia yeye.

SOLFRID: Nani?

TURID: Mama Gudny. Nilisikia mnafanya sherehe. Nikasema, nitampelekea Ijumaa, kabla hamjafika na maputo yenu. Huwa nampitia kila Jumatatu, nakaa naye, natarizi. Anapenda kushika uzi.

[Upepo.]

TURID: Solfrid? Umekatika?

SOLFRID: Huwa anatuambia. "Turid alikuwa hapa." Sisi tunatazamana. Jostein kamwambia daktari kwamba mama anachanganya miaka.

TURID: Hachanganyi chochote. Juzi kanifumulia safu nzima, kasema nimeruka uzi. Na nilikuwa nimeruka.

SOLFRID: [anacheka, anapenga kamasi] Amekufumulia?

TURID: Kwa mkasi wangu mwenyewe. Bibi wa miaka tisini.

SOLFRID: Na hiki kitambaa, mbona hatujawahi kukiona?

TURID: Nilikianza majira yale ya baridi niliyobaki peke yangu. Jioni nyumba kimya, nawasha taa, nahesabu nyuzi. Ukihesabu nyuzi huwezi kumfikiria Jostein, ukimfikiria tu umepotea safu. Ikawa raha, Solfrid, sikutegemea. Nikawa nangoja giza liingie nikae na sindano yangu. Sikutaka kiguswe mezani.

SOLFRID: Na ukakifungia mkate.

TURID: Ndiyo. Mkate wangu, huko kwenye tope, peke yangu, kwenye kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyonavyo. Una neno?

SOLFRID: Sina. Turid, nilidanganya. Nyuma hakuna fundo. Nimekigeuza na kukigeuza nikitafuta kosa, nikakosa. Hilo limeniuma kuliko multe.

TURID: Rudia.

SOLFRID: Betri ya Oddvar inalia, sirudii.

TURID: Rudia, bwana, mtandao mbaya.

SOLFRID: Nyuma kama mbele! Umeridhika? Sasa sikia, hiyo jamu iliyo jikoni. Ni chupa ngapi?

TURID: Za kutosha.

SOLFRID: Basi niokoe. Nitapita jioni kuichukua. Jumamosi mama ale, na mimi nipone na Lillian.

TURID: Hapana.

SOLFRID: Hapana nini?

TURID: Sikupi. Nitampelekea mwenyewe Ijumaa, kama nilivyopanga.

SOLFRID: Turid, niliahidi mbele ya watu!

TURID: Watu ambao mimi simo. Umekaa nami Alhamisi mbili tangu mpange hiyo sherehe. Unaniomba mkasi, unaniomba uzi, hujasema neno. Mimi nilimwosha nywele mama yako alipovunjika mkono. Ungeniambia tu, Turid, hutaalikwa. Ningeumia, lakini ningejua.

[Upepo. Mtandao unakwaruza.]

SOLFRID: Jostein alisema Lillian atajisikia vibaya.

TURID: Na wewe ulisemaje?

SOLFRID: Nilinyamaza.

TURID: Haya.

SOLFRID: Nilinyamaza kama kondoo. Nikaja Alhamisi nikakuomba uzi, macho nimeyashusha kwenye sindano. Naona aibu, Turid. Nimesimama hapa nimelowa mpaka soksi, na naona aibu.

TURID: Shuka kwenye jiwe, utaanguka.

SOLFRID: Nikishuka simu itakatika. Njoo Jumamosi.

TURID: Kuleta jamu?

SOLFRID: Jamu iache nyumbani ukitaka! Njoo wewe. Utakaa kiti cha karibu na mama.

TURID: Hicho si cha Jostein?

SOLFRID: Jostein atakaa mwisho, karibu na mlango. Akiona baridi ana koti.

TURID: Na Lillian akiuliza, huyu hapa ni nani? Maana atauliza, tena kwa sauti. Mimi nijibu nini? Mke si mke, ndugu si ndugu. Mpishi wa krimu?

SOLFRID: Usijibu kitu. Nitajibu mimi.

TURID: Utajibu? Wewe uliyenyamaza?

SOLFRID: Nitasimama niseme. Huyu ni wifi yangu. Alikuwa wifi yangu jana, na kesho ni wifi yangu. Asiyetaka ale keki ya dukani.

[Kitu kinafurika jikoni.]

TURID: Umeniitaje?

SOLFRID: Umesikia.

TURID: Mtandao mba—

SOLFRID: Umesikia, wifi! Zima jiko, jamu inaungua, naisikia mpaka huku! Lo, betri. Njoo mapema. Saa n—

TURID: Saa ngapi? Nne au nane? Solfrid! Haloo?

[Simu imekatika.]

TURID: Haloo? ... Ah. Nitaingia na wauguzi wa zamu ya asubuhi. Mnikute nimeshakaa.