Mstari Uliokatwa kwa Penseli Nyekundu

Tarehe 31 Desemba 1988, Bi. Wamucii Nderitu anastaafu baada ya miaka ishirini na minne akiwa karani wa malalamiko katika kanso yetu, yaani baraza la madiwani. Chai ya ofisi hakuigusa hata siku moja, ati ni maji ya kuoshea sufuria. Madiwani walimwogopa kuliko walivyoogopa wapiga kura.

Kila uchaguzi, watu wa juu ya mlima na watu wa chini ya mlima kule Tetu walipigana kwa mawe. Ofisi ilipeleka askari na kuandika kwenye ripoti: siasa. Mwaka wa 1974 Bi. Wamucii alikwenda huko mwenyewe, akarudi na matope hadi magotini. Alikuta bomba la maji ni moja. Kampeni zikianza, diwani wa huko aliwafungia maji watu wa chini, akiahidi kuwafungulia wakimpa kura.

Alimwambia karani mkuu, “Mzee, hiyo vita ni ya maji. Askari haiwezi kunywesha ng’ombe.” Kisha akaupiga taipu mstari huo kwenye ripoti.

Karani mkuu ni mimi, Gatimu, ninayeandika haya. Niliukata mstari ule kwa penseli nyekundu, kwa sababu nilimwogopa diwani. Mwaka wa 1979 aliuandika tena, nami nikaukata tena. Wiki ile Muriithi wa kule Tetu, baba wa watoto watano, alipigwa jiwe akapoteza jicho. Bi. Wamucii aliniamkia asubuhi kama kawaida, na aibu ile sijaimaliza mpaka leo.

Baada ya uchaguzi wa 1983, wakubwa kutoka Nairobi waliuliza chanzo cha vita. Bi. Wamucii akatoa nakala zake za kaboni, ambazo penseli yangu haikuzifikia. Bomba la pili likajengwa. Uchaguzi wa mwaka huu hakuna aliyeokota jiwe.

Barua ya pongezi kutoka Nairobi ilikuja kwa jina langu. Nikaitundika ukutani, naye akaendelea kupiga taipu.

Leo, Bi. Wamucii, wenzako wanakupa saa ya ukutani. Mimi nakupa barua ile. Nimekata jina langu kwa penseli ileile, nikaandika lako.

Asante, Wamucii. Ukapumzike vyema kwenye shamba ulilonunua Tetu, na ng’ombe wako wasikose maji. Ukikutana na Muriithi, usimwambie lolote. Nitakwenda mwenyewe.