Kitakachochorwa Juu ya Paa

Jua lilikuwa la upole asubuhi ile, na benchi la Mama Kahawa, mkabala na zahanati ya wazazi, lilikuwa limejaa. Katikati kaketi Brashi, mpaka rangi, ndoo mbili miguuni, uso umemchanua: jana binti yake kajifungua mle ndani, mjukuu wa kwanza, wa kike. Lakini juzi ndege za vita zilipiga kinu cha mji wa jirani, wakafa waliopanga foleni ya unga. Ndipo mkunga mkuu akamwagiza Brashi achore kitu juu ya bati, rubani ajue humu wamo wazazi. Achore nini? Hapo ndipo vikombe vilipochemka.

— Msalaba mwekundu, mkubwa! alisema Kinyozi.

— Wewe kanyoe, akadakia Luteni, mlinzi wa stoo asiyewahi kushika hata manati. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Ndege inakwenda mbio, ndiyo maana inajikwaa kwa watu. Mwandikie: PUNGUZA MWENDO.

— Asome saa ngapi? Chora nepi kambani, alisema Mama Kahawa. Hata rubani alivalishwa.

— Basi mchore mama yake! Akimwona atageuza.

— Kwani unamjua, Kinyozi? akauliza Luteni.

— Ukiwa juu huko, mama wote ni kilemba tu!

Brashi akacheka mpaka kahawa ikamwagikia goti.

— Haba na haba hujaza kibaba. Nachora vyote!

Mara akaja mwanamke mwenye sare ya uuguzi, mkono umefungwa bandeji. Mama Kahawa akamsogezea kikombe.

— Karibu, mwanangu. Mgeni?

— Nimehamishiwa hapa leo, mama, nimetoka kukagua wodi sasa hivi. Kwetu walipiga wodi ya wazazi.

— Pole, mwanangu. Pole sana.

— Nimeshapoa, akasema, akitazama ndoo za rangi. Tulikuwa tumechora msalaba, paa zima. Hivi, huwa wanaangalia?

Luteni akachungulia kikombe chake. Kinyozi akajikuna kisogo.

— Mwanangu, Brashi akasema taratibu, binti yangu aliyejifungua jana, yeye na kichanga, naweza kuwatoa leo?

— Yule wa kitanda cha dirishani? Kapoteza damu nyingi, baba. Labda kesho kutwa.

Brashi akalitazama lile bati. Akainuka, akabeba ndoo zake.

— Basi nishikieni ngazi.

Kinyozi akashika huku, Luteni kule, wakigombana nani kaishika vizuri. Muuguzi akamalizia kahawa, akawafuata.

— Anza na msalaba, baba, akasema. Mkubwa kuliko wetu.