Spika Imesema, Kijiwe Kimesikia

Mwaka ule wa tisini na sita, watu wa mradi wa mawasiliano walifunga spika juu ya nguzo pale stesheni ya Mpanda, ili habari za simu ya upepo kutoka Inyonga na Usevya ziwafikie wananchi. Wananchi wenyewe wako mashineni, visimani na mashambani. Chini ya nguzo wamekaa wanaume wa benchi, ambao hakuna aliyewahi kuwatafuta kwa lolote. Asubuhi moja Bibi Kasilda alifika na birika lake la kahawa akawakuta wanatokwa mapovu kwa ubishi.

— Spika imefungwa vibaya! — huyo Zakayo, aliyeitwa Injinia kwa kuua redio za nusu ya mtaa. — Sauti yote inakwenda porini. Nyani ndio wanaopata habari!

— Nguzo haina kosa, — akajibu Manyanda, jina la kijiweni Waziri. — Kila mtu afungwe karedio kiunoni. Ukiwa mashineni, kanajua uko mashineni, kanakuita hukohuko.

— Na ukiwa kilabuni?

— Kananyamaza.

— Kanyamaze wapi! Kanamwambia mkeo!

Wakacheka mpaka benchi likalia. Kasilda hakucheka, wanaume hawa alishawazoea, midomo mirefu, miguu mifupi.

— Kwani imesema nini hiyo spika?

— Imemwita Edina wa Salvatori, bibi, — akasema Waziri. Mama yake yuko hoi huko Inyonga, anataka amwone kabla hajakata roho. Apande basi la leo, maana jingine mpaka wiki ijayo.

— Nani kaenda kumwambia?

— Si Injinia?

— Mimi? Si wewe uliyeinuka?

— Niliinuka kukojoa!

— Nyie! — Kasilda akatua birika, akakaza kanga kiunoni. Hajavuka hata barabara, basi la Inyonga likampita likipiga honi, likawamwagia vumbi wote.

Vumbi halijatulia, akatokea Edina kutoka mashineni, debe la unga kichwani, nyusi nyeupe.

— Shikamoo bibi. Shikamooni wazee. Kule mashineni hatusikii kitu. Eti, spika imetangaza nini leo?

Injinia akaikodolea macho nguzo. Waziri akachungulia ndani ya kikombe.

Kasilda akarudi, akawapokonya vikombe mmoja mmoja, kahawa akaimwaga chini.

— Haya, madomo. Mjibuni mtoto wa watu.