Kitako cha Bunduki ya Bwana Nyati

Benchi lile lilikuwa la kanisa kabla halijawa la kijiwe. Kanisa lilipopata viti vya plastiki, Kinanda, aliyekuwa akipiga kinanda cha ibada, alilipakia kwenye mkokoteni wa punda akalishusha mbele ya karakana ya matairi ya mji mdogo wa Okakarara, na tangu hapo wanaume wasioweza kunyamaza ibadani hulikalia na kusema watakavyo. Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao mawingu hukusanyika kila asubuhi juu ya mlima, yakatazama chini, yakaghairi. Joto la namna hiyo humfanya mtu aongee huku nusu yake imelala. Birika la kahawa lilikuwa juu ya makaa. Katikati ya benchi, juu ya gunia, ilikuwa bunduki ya Asser, ile ya risasi nene kama kidole gumba, imefungwa waya shingoni pale kitako chake cha mbao kilipopasuka. Komeo lake, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, Asser alikuwa ameliweka mfukoni, kwa sababu ya polisi.

– Leo Alhamisi, alisema Reli. Fundi Isak wa bunduki anapita na gari lake. Mpaka afike tuwe tumeshakata shauri. Bwana Nyati hawezi kukosa kitako.

Reli alikuwa dereva wa treni, sasa mstaafu, na kila alichosema alikisema kwa sauti ya kushinda injini. Bwana Nyati ni Asser. Jina lenyewe halikuwa na zaidi ya siku tisa.

– Mimi naanza, akaendelea. Taruma la reli. Mbao iliyobeba treni miaka hamsini itaogopa teke la bunduki?

– Mataruma ya huku ni chuma, Reli.

– Ya zamani, nasema.

– Ya zamani ndiyo chuma zaidi. Mbao ingeliwa na mchwa. Wewe umeendesha treni miaka thelathini hujatazama chini?

Aliyesema hivyo ni Dokta. Hakuwahi kumtibu binadamu. Alichanja ng'ombe wa serikali hadi uzee ukamkuta, na ng'ombe hawakumlalamikia.

– Dereva anatazama mbele, alisema Reli. Chini ni kazi ya wengine.

Asser alicheka nao kidogo. Alikuwa ameulaza mkono wake wa kulia juu ya paja, kiganja kikitazama juu, na ukimwangalia ungedhani ameupumzisha. Kumbe ulikuwa haujaamka tangu alfajiri. Siku hizi uliamka ulipopenda, mara saa nne, mara adhuhuri. Hakumwambia mtu. Miaka thelathini na mitatu alitembea mbele ya wageni wa kambi ya uwindaji, na bega moja lilikuwa limepokea mateke yote.

– Mwite binti atumiminie, alisema Kinanda, macho kayafumba. Kahawa ikichemka sana inasahau ladha yake.

Vijanda alikuja na birika. Ni binti wa Asser, mfuata nyayo kambini kama baba yake alivyoanza, na siku za mapumziko alimsaidia mama yake kuuza kahawa na mandazi hapo karakanani. Alimimina kikombe cha Reli, kahawa ikamwagika nusu ndani, nusu mchangani.

– Ala! Reli akaruka, kisha akatabasamu mpaka mafizi. Jamani, mmeona? Mmeona mkono gani?

– Wa kulia! alisema Dokta.

– Wa kulia! Miaka yote nakukemea, mama, nakwambia kitu cha kushoto sikipokei, na leo umekuwa mtu! Mwaga tu. Mwaga, mikono itazoea.

– Asante, mzee Reli, alisema Vijanda. Alimaliza kumimina bila kumtazama baba yake, akarudi kwenye makaa.

Asser alishusha macho. Yeye tu na mwanawe ndio waliojua kwa nini mkono wa kushoto wa Vijanda ulikuwa umefichwa ndani ya shali kwenye joto lile. Chini ya shali bega lilikuwa limevimba, rangi ya zambarau kutoka shingoni hadi kwapani.

– Turudi kwenye mada, alisema Dokta. Plastiki. Plastiki nyeusi, ile ngumu. Haivimbi kwa mvua, haipindi kwa jua, mchwa hawaitaki. Ni ng'ombe aliyechanjwa chanjo zote.

– Plastiki haioti ndoto, alisema Kinanda.

– Nani anataka bunduki iote ndoto?

– Mbao yoyote inaota. Hujasikia kabati usiku likilia ta! peke yake? Limeota. Mti ukikatwa haufi, Dokta, unalala. Bunduki yenye kitako cha mti inamwota mnyama kabla hujamwona. Ndiyo maana za zamani hazikosi.

– Haya, mti gani? aliuliza Reli. Fundi Isak ana mjozi, ule mti wa njugu wa Ulaya, garini, mwenyewe nimeuona. Una mistari kama moshi.

– Mjozi wa Ulaya unaota theluji, alisema Kinanda. Risasi ikipita hapo inapoa. Inafika kwa nyati imechelewa.

Hakuna aliyecheka. Kwa joto lile maneno yaliingia masikioni yakakaa, na kila mtu aliiona ile risasi ikipita porini polepole, ina baridi, ikitafuta njia.

– Basi mninga, wa kule Kavango, alisema Reli. Mwekundu, mwepesi, mzuri.

– Mninga unatoa damu ukiukata, alisema Dokta. Damu kabisa, nyekundu. Kitu kilichotoka damu kinaukumbuka wembe. Niulize mimi, nimechoma ng'ombe sindano. Mwaka mzima ananikwepa. Utaweka shavu pale na mti wenyewe unakwepa!

– Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unaota, siyo kabati, alisema Reli.

– Mimi nasema sayansi.

Reli alikunywa kahawa yake iliyobaki, akaigonga bunduki taratibu kwa ukucha.

– Kitako hiki kilipasuka kwa heshima, lakini. Hebu, Bwana Nyati, tupe tena ile ya risasi ya pili.

– Mmeisikia, alisema Asser.

– Basi naisema mimi. Mgeni wa Kijerumani amepiga, amejeruhi, nyati ameingia vichakani. Asser anamfuata, binti nyuma yake, mgeni nyuma kabisa anatetemeka. Nyati anatoka! Hatua kumi na tano. Asser, risasi ya kwanza, puu! Nyati anakuja. Hatua sita. Kitako kimeshapasuka kwa teke la kwanza, mbao mbili, na mtu huyu, mzee wa miaka sitini na moja, anaishika ile mbao iliyopasuka kwa mkono, anaikaza, risasi ya pili, puu! Nyati anapiga goti hapa, kwenye kiatu cha mgeni.

– Jana ilikuwa hatua nane, alisema Dokta.

– Jana sikuwa nimekunywa kahawa.

Asser alisikia ile puu ya pili. Aliisikia kila siku, na kila siku ilitoka mahali palepale, si begani kwake. Baada ya risasi ya kwanza mkono wake ulizimika. Bunduki ilimtoka, ikaangukia jiwe, ikapasuka shingo. Alikuwa amesimama mikono mitupu, akimtazama nyati kama mtu anayetazama mvua inakuja, bila hofu hata, usingizi mtupu. Ni Vijanda aliyepita chini ya kwapa lake, akaiokota, akavuta komeo, akakaza mpasuko kwa vidole, akaweka kitako kwenye bega la kushoto, lile analoliamini, na kupiga.

Mgeni alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua aliona nyati chini na mzee kasimama, akamkumbatia mzee. Vijanda alikuwa ameshamrudishia baba yake bunduki mkononi. Hakuna aliyemwambia Asser aseme uongo. Walisema wao, yeye akanyamaza, na jina likamkaa. Aibu yake ilikuwa kwamba alilipenda. Njia nzima kurudi nyumbani alikuwa akilitamka kimoyomoyo.

– Mimi sasa nasema kitu, alisema Kinanda, na kwa mara ya kwanza alifumbua macho. Omumborombonga.

Wote waligeuka bila kupanga, wakatazama ng'ambo ya barabara, nyuma ya ua wa shule, ulikosimama mti mmoja wa kijivu, mnene, mkubwa kuliko nyumba zote za hapo. Wazee wa kwanza wa Waherero walitokea ndani ya mti kama ule, mwanamume na mwanamke na ng'ombe wao, na hata leo mtu mwenye adabu akiupita huupachikia tawi dogo na kuuamkia.

– Wewe una wazimu, alisema Reli, lakini kwa sauti ya chini.

– Ule uliokauka, ulioanguka wenyewe. Simwambii mtu akate.

– Mti huo ukiutupa kwenye maji unazama kama jiwe, alisema Dokta. Bunduki itamzidi uzito nyati mwenyewe.

– Tena unataka aweke shavu juu ya babu, alisema Reli, halafu ampigie baruti sikioni? Babu amelala zake!

– Ndiyo maana yake! Babu ataamka. Hutahitaji hata kulenga. Unamnong'oneza tu: babu, yule pale. Ukitaka kupiga kitu kisichofaa, anakataa. Ukiwa mwongo, kifyatulio hakirudi nyuma.

Mawingu yalikuwa yamefunika jua, na kwa kitambo karakana, barabara na mbuzi waliolala chini ya gari bovu vikawa rangi moja ya majivu. Ilionekana kana kwamba mti ule umesogea hatua moja kuja barabarani, unasikiliza.

– Na ukiwa mwongo mara moja tu? aliuliza Asser.

– Nani, wewe? Reli akacheka. Wewe ni Bwana Nyati! Babu atakuandalia kiti.

Gari la Fundi Isak liliingia likipiga honi kwa mbuzi. Alishuka, mtu mfupi kutoka mji wa Otjiwarongo mwenye penseli sikioni, akawaamkia wote mmoja mmoja, akakaa kwenye tairi. Vijanda alimletea kahawa. Fundi aliinua bunduki, akaifungua waya, akaichungulia shingo iliyopasuka kwa muda mrefu.

– Hii ilianguka, alisema.

– Ilipasuka kwa teke, alisema Reli.

– Hm. Fundi hakubishana. Haya, nimesikia mna mjadala. Mti gani?

Wote walisema kwa pamoja: plastiki, mninga, taruma la zamani sana, babu. Fundi aliwaacha wamalize. Alitoa futi kamba mfukoni.

– Mti ni jambo la mwisho, wazee. Kitako ni kama kiatu. Kikiwa kirefu kinanasa kwenye nguo siku ya haraka, kikiwa kifupi kidole gumba kinakuvunja pua. Napima kutoka kiwikoni mpaka kidole cha kufyatulia. Halafu upande mmoja naacha uvimbe wa kuegemeza shavu. Sasa niambieni tu: bega gani?

– Bega gani nini? alisema Dokta.

– La kulia au la kushoto? Nichonge kwa ajili ya nani?

Reli alifungua mdomo acheke, akamtazama Asser, akaufunga. Asubuhi nzima walikuwa wamezungumza na miti, na hakuna aliyefikiria kwamba bunduki inashikwa na mtu. Ilikuwa ya baba yake Asser, na kwa desturi ingekwenda kwa mwana wa kiume, naye mwana wa kiume ni Festus wa Windhoek anayeogopa kuchinja kuku. Kwa hiyo ni ya Asser. Lilikuwa swali la mtoto mdogo, na wote wakamgeukia ajibu mwenyewe.

Mwezi ujao wageni wengine walikuwa wanakuja. Asser akisema kulia, atatembea mbele na mkono usioamka, na Vijanda nyuma yake bila kitu mkononi. Akisema kushoto, Bwana Nyati atafia hapa benchini, akiwa na siku tisa. Alitazama ng'ambo ya barabara. Mti ulikuwa umesimama palepale.

– La kushoto, alisema.

– Komeo liko kulia, mzee, alisema Fundi Isak. Mtu wa kushoto atahangaika.

– Hahangaiki. Ameshalizoea. Asser alilitoa komeo mfukoni akaliweka juu ya gunia. Risasi ya pili haikuwa yangu. Mimi niliangusha. Mkono huu umekufa, jamani, mtazameni.

Aliuinua kwa mkono mwingine, akauachia. Ulianguka pajani.

– Baba, alisema Vijanda.

– Njoo upimwe.

Alisimama pale na birika. Shali ilikuwa imeteleza, na wote waliiona ile zambarau shingoni. Dokta aliondoa kofia. Kinanda alifumba macho tena, lakini hakuwa amelala. Reli alikuwa akitazama mchanga, pale kahawa yake ilipomwagika asubuhi, na uso wake ulikuwa unalegea kidogo kidogo.

– Kunja kiwiko, binti, alisema Fundi Isak, na futi kamba ikalia kwenye kasha lake.

Vijanda alitafuta pa kuweka birika. Bila kufikiri, kwa mazoea ya maisha yake yote, alilinyoosha kwa Reli kwa mkono wa kushoto, akiuma meno kwa maumivu, kisha akakumbuka na kutaka kulirudisha.

Reli alikuwa ameshasimama. Alilipokea kwa mikono miwili.